Rejista ya Majaketi

Ajali haina kinga, hunena wahenga.
Mimi kinga ninazo ishirini na nne,
zimetundikwa kwenye misumari ya kibanda,
rangi ya chungwa, nembo ya jimbo kifuani,
kila moja na nambari yake kwa wino usiofutika.
Azima bure. Rudisha. Hakuna sahihi wala dhamana.
Ndiyo kazi yangu, Mei hadi Oktoba,
kwenye mteremko wa kushushia boti, ziwa Tamarak,
kaskazini mwa Minnesota, ambako barafu
huondoka usiku, bila kuaga.

Nakagua trela zisibebe magugu ya ziwa jingine.
Nauliza: kizimamoto kipo? Filimbi? Taa ya nyuma?
Nahesabu vichwa, nahesabu majaketi,
na hesabu zisipolingana
nanyoosha kidole kibandani, sisemi neno.

Verlyn Haugstad alinisalimu kwa ukingo wa kofia.
"Miaka sitini na mmoja, binti.
Ziwa hili nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu."
Jaketi lake lilikuwepo. Sheria yataka liwepo;
mtu mzima kulivaa, hiari yake.
Lilikaa chini ya kiti, ndani ya nailoni,
lebo ya bei ingali inaning'inia.
Nikatia alama ya vema. Ningefanya nini?
Fomu ina kisanduku cha *lipo*.
Haina cha *limevaliwa*.

Wiki ile jua lilitudanganya sote.
Hewa ilikuwa ya kuvua shati,
maji yalikuwa bado na akili za Machi.
Watu hudhani baridi huua polepole.
Baridi hupokonya pumzi kwanza,
kisha vidole husahau kazi yake
kabla hujamaliza kulitaja jina la Mungu.
Boti tuliikuta inazunguka, inazunguka,
injini ikiunguruma kwa upole,
chupa ya kahawa imesimama wima,
na jaketi pale pale, safi.

Juni akaja Ardis, mjane wake,
amelipakata kama mkate wa jirani.
"Nimekuletea hili," akasema. "Halijawahi kulowa."
Nikaligongea msumari wa ishirini na tano.

Oktoba nikafunga hesabu. Pungufu moja:
nambari kumi na saba, saizi ya mtoto.
Jimbo hutaka sababu ya upotevu:
wizi, uchakavu, mengineyo.
Nikalikodolea macho lile *mengineyo*
hadi chai ikapoa,
maana jaketi la mtoto lisiporudi
kuna sababu moja mkono hukataa kuiandika.
Nikapiga simu ofisi ya sherifu. Hakuna taarifa.
Kesho yake nikapiga tena.

Kisha barafu. Malori yakapita juu ya maji
kana kwamba hapajawahi kutokea kitu.

Mei, gari la kijivu, boti ya bati nyuma yake.
Akashuka Mai Nhia, binti wa Tou Ger Moua,
na kumi na saba yangu mwilini,
vifungo vimekaza, mbavu zimebanwa,
rangi ya chungwa imegeuka ya karoti iliyochemshwa.
Baba yake akatazama viatu.
"Alikataa kulivua. Amelala nalo majira yote ya baridi.
Aliogopa utampa mtoto mwingine."
Binti hakuwa na habari na aibu ya mtu:
"Limekuwa dogo. Una kubwa zaidi?"

Nikampa nambari tisa.
Baba alikuwa keshaanza kusukuma boti.
Vichwa viwili, jaketi moja.
Safari hii sikunyoosha kidole.
Nikaenda kwenye msumari wa ishirini na tano,
nikaing'oa lebo kwa meno,
nikamvisha mwenyewe, nikafunga vifungo vyote vitatu,
vidole vyangu vikitetemeka kidogo.

"Liloweshe," nikamwambia.
Hakuelewa. Akacheka kwa adabu.
Hata injini ilipokwisha kusikika
lebo ilikuwa bado mdomoni mwangu.